Mji Uliokatazwa Hodi

Katika zama zile ambazo majini waliitika wakiitwa, na masultani hawakuitika wakiulizwa, alitawala katika mji wa Marijani Sultani Jabiri bin Mutaali, mwenye kilemba cha hariri na kiti cha mpingo, na nyumba za mji wake zilikuwa za mawe meupe, na masoko yake yalinukia udi na iliki, na watu wake walikuwa na kiburi. Wasimulizi wenzangu hupenda kusema "watu waungwana." Mimi nasema kiburi, kwa sababu ni watu wangu na nawajua.

Na kiburi chao hakikuwa cha dhahabu wala cha nasaba, kilikuwa cha milango. Kila nyumba ya Marijani ilikuwa na mlango uliochongwa kwa mkono, wenye maua na minyororo na misumari ya shaba, na kupita uzuri wa milango hiyo kulikuwa na adabu yake: hakuna mtu, mkubwa wala mdogo, aliyevuka kizingiti cha mwenzake bila kusimama nje na kupiga hodi, na asipojibiwa "karibu" hata hodi ya tatu, aligeuka akaenda zake, na kesho yake sokoni akamwamkia mwenye nyumba bila kinyongo. Mvua haikuwa udhuru. Husimuliwa kwamba nyumba ya muuza halua iliwahi kushika moto, na majirani wakaja mbio na ndoo za maji, wakajipanga nje wakipiga hodi, mpaka yule bwana akapaza sauti katikati ya moshi, "Karibuni, jamani, lakini upesi!" Wageni walicheka kisa hicho. Watu wa Marijani hawakuona kinachochekesha.

Sasa Sultani Jabiri alikuwa na maradhi, na maradhi yake yalikuwa masikio. Akipita mtaani juu ya farasi na kusikia watu wakicheka nyuma ya mlango, moyo wake ulimwambia: wanakucheka wewe. Na wakinyamaza, ulimwambia: wamenyamaza kwa ajili yako. Akamwita waziri wake mkuu, Shamlani, mtu aliyesoma vitabu vingi na kila kitabu kikamfundisha kuinama zaidi kidogo, akamwambia, "Ewe waziri, watu hawa wanafanya nini huko ndani?"

"Maulana," akajibu Shamlani, na paji la uso wake lilikuwa karibu na zulia, "mwenye wema hana cha kuficha. Wao wana milango. Hitimisho nakuachia mwenyewe."

Maneno hayo yalimpendeza Sultani mno, na akaamuru yatarizwe kwa uzi wa dhahabu juu ya pazia jekundu. Kisha akaitoa kutoka sandukuni pete ya babu yake, pete ya fedha iliyofungiwa jini aitwaye Dahamani, ambayo babu yake, mtu wa haja ndogondogo, aliitumia kupasha moto maji ya kuoga. Sultani akaisugua, na chumba kikajaa moshi wa ubani, na jini akasimama, kichwa chake kikigusa boriti na ndevu zake zikifika magotini, akasema, "Labeka, maulana."

"Ingia katika nyumba za raia wangu, uniletee kila wanalosema."

Jini akashika kifua chake. "Hilo siwezi, maulana. Kuingia nyumba ya mtu bila hodi, mama yangu alinikataza, na mama yangu yu hai mpaka leo."

Sultani akawaka. "Basi iondoke milango, na neno lenyewe liondoke! Ing'oe milango katika milki yangu uitupe baharini, na mtu atakayetamka neno hilo mgeuze kasuku. Kasuku hao wakae juu ya vizingiti vya nyumba, wasikilize, na kila alasiri waje katika diwani yangu wayarudie yote waliyosikia."

"Milango yote, maulana? Bila kubakiza?"

"Wewe jini ni kiziwi? Yote!"

"Na mwenye kutamka neno hilo, yeyote yule?"

"Yeyote, na papo hapo, na usije kuniuliza mmoja mmoja. Mimi ni mtu wa shughuli nyingi."

Jini akatabasamu, tabasamu la mtumishi aliyeagizwa upumbavu na akaamua kuutekeleza vizuri.

Na asubuhi yake watu wa Marijani waliona ajabu ambayo macho hayajawahi kuiona: milango ikajing'oa katika bawaba zake, ikapanda hewani kama kundi la korongo, misumari ya shaba ikimeta juani, ikazunguka juu ya minara, kisha ikaelekea baharini na kuzama yote. Na mlango wa kasri, ule mkubwa kuliko yote, ulitangulia mbele kama kiongozi wa msafara.

"Shamlani!" akapiga kelele Sultani. "Mlango wangu uko wapi?"

Waziri akainama, kwa sababu kuinama kulimpa nafasi ya kufikiri, kisha akalichukua lile pazia jekundu lenye maneno ya dhahabu akalitundika langoni, na mbele yake akaweka walinzi wenye mikuki. Na hivyo, juu ya uwazi pekee uliositiriwa katika mji mzima, paliandikwa: Mwenye wema hana cha kuficha.

Wakapita wapiga mbiu wakitangaza kwamba Enzi ya Uwazi imeanza, na kwamba Sultani tangu leo aitwe Msikilizaji wa Wote. Na adhabu haikungoja mkosaji, kwa maana watu wale neno lile lilikaa ulimini mwao kama mate. Mtu alitoka nyumbani kwake akienda kumlalamikia jirani kuhusu amri mpya, akafika, akasimama, akasema "Hodi," akageuka kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu kabla ya kuanza malalamiko yake. Mabibi waliotumwa chumvi hawakurudi. Kadhi mmoja aligeuka akimfundisha mwanawe neno la kutosema. Jua lilipotua, hapakuwa na kizingiti katika mji kisichokuwa na ndege, na ndege huyo alikuwa jirani yako.

Na watu wakajifunza. Wakajifunza kusifu uji mbele ya kasuku na kusema umepikwa kwa hekima ya Sultani. Wakajifunza kugombana kwa macho na kucheka ndani ya mto wa kulalia. Saa moja tu ya alasiri, kasuku walipokwenda diwani, ndipo watu walipopumua, lakini saa hiyo askari walizagaa njiani na kutoka nje kulikatazwa, basi kila nyumba ilipumua peke yake. Na kasuku waliporudi, waliendelea kurudia, maana kasuku akishajaa lazima amwagike, na wakayamwaga juu ya vizingiti maneno waliyoyasikia kasrini. Watu walidhani ni mtego, wakaziba masikio. Hayo ndiyo mafanikio makubwa ya Enzi ya Uwazi: siri za Sultani zilitangazwa kila nyumba kila jioni, na hakuna aliyethubutu kuzisikia.

Alikuwapo katika mji huo mwanamke jina lake Tamima binti Farjala, na kazi yake ilikuwa ualishi, yaani yeye ndiye aliyepita nyumba hadi nyumba kuwaalika watu kwenye harusi. Hapakuwa na mlango ambao hakuwahi kusimama mbele yake, wala mwenye nyumba ambaye hakumjua kwa namna anavyojibu. Alikuwa mrefu, mwenye ulimi mkali na mwendo wa mtu anayejua anangojewa. Naye alikuwa amechumbiwa na Mbaruku mpiga zumari, ambaye hakuna harusi iliyonoga bila yeye, na wawili hao walikuwa wameialika na kuichezesha nusu ya ndoa za mji huku yao wenyewe ikiahirishwa kwa kukosa nafasi. Sasa nafasi ilikuwapo tele. Ni bibi harusi gani angekubali chumba kisicho na mlango, na kasuku juu yake?

Siku moja Mbaruku akaja kwa Tamima, zumari kwapani, akasimama mbele ya tundu lililokuwa mlango. Tamima alikuwa ukumbini akichambua mchele, na walikuwa wakitazamana waziwazi.

"Ingia basi. Nakuona," akasema Tamima.

"Na mimi nakuona."

"Sasa unangoja nini?"

"Tamima," akasema Mbaruku, "shambani huingia mbuzi hivihivi. Mimi ni mtu, na nimekuja kwa mchumba wangu."

Tamima akaweka ungo chini. "Usiseme. Mbaruku, ukinipenda, usi—"

"Hodi," akasema Mbaruku, kwa sauti nzuri, bila haraka, kama mtu anayevaa kanzu safi.

Na zumari likaanguka. Vidole vikawa manyoya, na uso ukawa mdomo uliopinda, na palipokuwa na mwanamume pakawa na kasuku anayetazama huku na huku. Na neno "karibu" likabaki kooni kwa Tamima kama mfupa, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuambiwa.

Waziri Shamlani alipopata habari akaona hapo pana somo zuri kwa raia, akaamuru kasuku wa zamani wa kizingiti kile ahamishwe, na huyo mpya akae juu ya kizingiti cha Tamima mwenyewe. Tamima hakulia. Alimpa maji na karanga, akampangusa vumbi la mabawa, na akanyamaza.

Alasiri ya pili kasuku walipokuwa diwani, nje ya nyumba yake pakasikika kikohozi.

"Nani huyo anayekohoa kama mzee aliyenyimwa kahawa?" akauliza Tamima.

"Mimi ni jini, bibi. Ningesema neno la kawaida, lakini mwenye kazi ya kuliadhibu ni mimi mwenyewe."

Tamima akamtazama tangu ndevu hadi miguu iliyokuwa ya moshi. "Karibu," akasema.

Na Dahamani akakunjana akawa wa kimo cha watu, akaingia, akakaa mkekani, na machozi yakamlenga. "Tangu nilipotiwa ndani ya pete," akasema, "naitwa, naamrishwa, natumwa. Leo nimekaribishwa."

"Kunywa kahawa, kisha unirudishie mchumba wangu."

"Siwezi, bibi. Mimi hufuata pete, na pete iko kidoleni kwa Sultani. Ila sikukatazwa kuzungumza. Hakuna aliyewahi kudhani nina la kusema. Basi nikwambie: mchumba wako bado anajijua, na wenzake pia. Lakini Siku ya Mwaka, watu watakapooga pwani na mwaka kugeuka, kasuku ambaye bado ni kasuku atasahau kwamba alikuwa mtu. Na akisahau, hata pete haitamkumbusha."

"Na mimi nifikeje kwenye pete?"

Jini akaweka kikombe chini kwa adabu kubwa. "Msikilize mchumba wako akirudi. Usizibe masikio."

Kasuku aliporudi, akatua juu ya kizingiti, na tumbo lake la maneno likaanza kumwagika. Akarudia sifa za uji. Akarudia kikohozi cha Sultani. Kisha, kwa sauti ya Sultani mwenyewe, akasema: "Shamlani, je, wakikumbuka kwamba nyuma ya pazia hakuna mlango?" Na kwa sauti ya waziri akajibu: "Na wakumbuke, maulana. Watu hawa hawaingii mahali bila kukaribishwa, na hawawezi kuomba kukaribishwa bila kugeuka ndege. Kwa nini tuhangaike na mbao? Adabu yao ndiyo mlango wetu." Na kicheko cha wote wawili kikafuata, kikitoka katika mdomo wa Mbaruku.

Nimesikia wasimulizi wanaosema kwamba hapo Tamima alilia, wengine kwamba aliomba dua. Kwa ninavyojua mimi wanawake wa Marijani, alikasirika. Kunyang'anywa mlango alikuwa amekuvumilia, na kunyang'anywa mchumba pia alikuwa anakuvumilia kwa shida. Lakini mtu akuchukulie adabu yako, ile uliyofundishwa na mama yako, aifanye komeo la nyumba yake, kisha akucheke! Akamtazama ndege juu ya kizingiti, naye ndege akamtazama kwa jicho moja, na Tamima akatikisa kichwa kumkubalia jambo ambalo hakulitamka, kwa maana angelitamka lingefika diwani.

Asubuhi akatoka bustanini akaukwanyua mti wake wa asumini mpaka ukabaki kama mifupa, akachuma mrehani na vilua, akafunga vikuba. Sasa desturi ya Marijani ilikuwa hivi: mwalishi akiweka kikuba cha maua kizingitini kwako, umealikwa shughuli, na siku yenyewe unavaa vizuri na kumfuata mwalishi anakokwenda. Kuuliza shughuli ni ya nani ilikuwa aibu, kama kwamba unapima pilau kabla ya kukubali kwenda. Na kasuku walikuwa na masikio makali kuliko ya paka, lakini harufu hairudiwi. Tamima akapita nyumba hadi nyumba bila kufungua kinywa, akiinama, akiweka, akiendelea, na nyuma yake mji ukanukia harusi kwa mara ya kwanza tangu milango iruke. Wanaume wazima walikiokota kikuba, wakakinusa, wakaingia ndani kutafuta kanzu. Akakiweka hata katika nyumba za walinzi wa kasri, na hasa kwa Feruzi, mkuu wao, ambaye kasuku wa kizingiti chake alikuwa mama yake mzazi.

Na diwani kasuku wakaripoti kwamba Tamima hakusema neno. "Amefunzika," akasema Shamlani.

Ikafika Siku ya Mwaka. Jua halijapanda sana, Tamima akatoka amevaa hariri ya zambarau na wanja machoni, zumari la Mbaruku mkononi, na kasuku wake akiwa begani, akaanza kutembea. Nyumba ya kwanza ikatoka, na ya pili, na mtaa mzima, na mtaa wa pili, watu wa kila rika wakiwa na vilemba na kanzu na mitandio na maua vichwani, na kasuku wakiruka juu yao kama wingu, na hakuna aliyeuliza. Kwenye njia ya msikiti akaungana nao shangazi yake Tamima, Bi Shufaa, mwanamke mnene mwenye bakora, akanong'ona, "Mwanangu, huku si njia ya kasri?"

"Shangazi, unauliza shughuli ni ya nani?"

"Ah, hapana, hapana! Nauliza njia tu."

Wakafika langoni. Pazia jekundu lilikuwa likicheza kwa upepo, na maneno yake ya dhahabu yakikunjika na kukunjuka. Na hapo ule mji mzima ukasimama ghafla kama mtu mmoja, bila kuamriwa, miguu sawasawa na kizingiti, kwa sababu mbele yao palikuwa na nyumba ya mtu na hakuna aliyekaribisha. Hata Tamima alisimama. Miguu yake ilikataa. Maisha yake yote hakuwahi kuvuka kizingiti bila neno lile, na sasa alihisi kama anayetaka kutembea uchi.

Feruzi akaja mbele na mkuki. Macho yake yalimtafuta mama yake katika wingu la ndege. "Bi Tamima," akasema kwa sauti ya kazi, "mmekaribishwa?"

"Hatukukaribishwa."

"Mmeomba?"

"Tumekatazwa kuomba. Nionyeshe amri inayokataza kuingia."

Feruzi akafikiri. Alizijua amri zote za Sultani, na zilikuwa nyingi kuliko nywele za punda, lakini hiyo haikuwamo. Hakuna aliyedhani itahitajika. Na yule kasuku mzee akatua juu ya ncha ya mkuki wake, akasema kwa sauti ya mama aliyechoka, "Feruzi, umekula?"

Feruzi akauinamisha mkuki taratibu, ili ndege asianguke, akasogea kando.

Tamima akageuka kuwatazama watu. "Jamani," akasema kwa sauti ya kualika, ile iliyojulikana mitaa yote, "sisi ni raia watiifu. Sultani amesema mwenye wema hana cha kuficha. Na tumwamini." Akafumba macho, akavuka kizingiti bila neno, na machozi yakamtoka kwa aibu, na nyuma yake mji wa Marijani ukaingia.

Enyi wasikilizaji, laiti mngaliona! Waliingia kwanza wakinyata na kusema "samahani" kwa mazulia waliyoyakanyaga. Kisha wakaingia kama maji. Wakakaa juu ya mito ya hariri, wakafunua vyungu vya jikoni wakaonja na kusema chumvi imezidi, wakafungua makabati wakahesabu viatu vya Sultani. Bi Shufaa akaketi juu ya kile kiti cha mpingo, akajigeuzageuza. "Kumbe ni kigumu hivi!" akasema. "Maskini, ndiyo maana ana hasira." Waziri Shamlani alikimbia huku na huko, na kwa mara ya kwanza alionekana amenyooka, na watu wakashangaa kuona kumbe ni mfupi.

Na Sultani Jabiri, Msikilizaji wa Wote, akasikia kishindo akiwa chumbani, akatoka mbio amefunga shuka, na ndevu zake upande mmoja zilikuwa nyeusi kwa rangi na upande mwingine nyeupe pe, kwa maana hakuna aliyejua kwamba hupakwa. Mji mzima ukazitazama ndevu hizo. Hakuna aliyecheka. Nadhani kimya kile kilimuumiza kuliko kicheko.

"Mnathubutuje!" akanguruma. "Nyumba ya mtu! Chumba cha mtu! Tokeni!"

Tamima akasimama mbele yake, kasuku begani. "Kwani maulana ana cha kuficha?"

Tamima alikuwa amesimama kwenye milango maisha yake yote, na alijua kwa yakini kitu kimoja ambacho waziri hakukisoma katika kitabu: alilijua neno linalomtoka mwenye nyumba aliyeingiliwa. Kila mwenye nyumba, awe tajiri au fukara. Halizuiliki.

"Hamna adabu ninyi?" akapiga kelele Sultani, na mishipa ikamsimama shingoni. "Hamkulelewa? Mtu huingia nyumba ya mwenzake bila kupiga—"

"Maulana!" akalia Shamlani akimrukia kumziba mdomo. "Usi—"

"—hodi!"

Na jini, ambaye aliambiwa yeyote na papo hapo, na asije kuuliza, akatekeleza. Shuka likaanguka sakafuni, na chini yake pakatikisika kitu, na akatoka kasuku mwenye manyoya nusu meupe na nusu meusi, na kidole chake kilichokuwa kinene kikawa ukucha, na pete ikateleza, ikaviringika juu ya marumaru, ikagota kwenye kiatu cha Tamima.

Akaiokota akaivaa. Na Dahamani akasimama mbele yake, akasema, "Labeka, bibi yangu," na kabla hajamaliza Shamlani alikwisha kuinama tena. "Ewe Msikilizaji wa Wote," akasema waziri, "siku zote nilijua—"

"Shamlani," akasema Tamima, "shingo yako haichoki?"

Watu wakacheka. Na hapo likatokea jambo ambalo Tamima alilisimulia uzeeni kwa watu wachache aliowaamini: kwamba aliposikia kicheko kile, na pete ikiwa kidoleni, moyo wake ulimwuliza, wanamcheka waziri, au wananicheka mimi? Akajua ugonjwa unakaa wapi, na akaona asichelewe.

"Dahamani! Warudishe kasuku wote wawe watu."

"Wote, bibi? Bila kubakiza?" akauliza jini, naye akamtupia jicho yule kasuku wa rangi mbili.

Tamima akamtazama naye. Kisha akasema, "Wote, na yule pia. Isije ikasemwa kwamba sisi watu wa Marijani tulifuga mtawala wetu tunduni. Tutamhukumu akiwa mtu, kwa sababu sisi ni watu."

Na juu ya dari za kasri manyoya yakaanza kudondoka kama mvua, na watu wakaanguka kutoka hewani juu ya mito, mabibi na makadhi, wakiulizana nani amewakalia. Mama yake Feruzi alisimama, akajipangusa, akamwuliza mwanawe tena kama amekula. Na Mbaruku akajikuta amekaa begani kwa Tamima, na wote wawili wakaanguka.

"Na milango irudi," akasema Tamima akiwa chini. "Kisha nenda kwa mama yako. Uko huru." Akaivua pete, na jini akaipokea kwa mikono miwili, akaimeza, akalia, akaondoka kwa mlango, kwa maana milango ilikuwa inarudi.

Ikaja kutoka chini ya bahari ikichuruza maji, na ajabu ya mwisho ni kwamba kila mlango ulikuwa umeota lulu katikati ya maua yake ya kuchongwa, lulu kubwa kama mbegu za stafeli, hata fukara wa mji ule wakawa matajiri kwa kukwangua milango yao. Mlango mkubwa wa kasri ukajipachika nyumbani kwa Tamima, na kasri likapata mlango wa zizi la mbuzi. Jini aliapa kwamba ni bahati mbaya.

Sultani Jabiri alihukumiwa kukaa mtaani, katika nyumba ndogo yenye mlango wake na komeo lake, na haki ya kuufunga. Chumvi ilipomwishia akatoka kwenda kuomba kwa muuza halua, akasimama nje kitambo kirefu, akapiga hodi kwa sauti ya mtu anayejifunza kuongea. Ya kwanza haikujibiwa, wala ya pili. Ya tatu akajibiwa "karibu", na wanasema alilia. Na tangu siku hiyo hakuna anayetawala Marijani asiyepita kwanza mitaani kwa miguu na kupiga hodi, na mtaa usipomkaribisha hata hodi ya tatu, hurudi kwao bila kinyongo na kutafuta kazi nyingine.

Nayo harusi ya Tamima na Mbaruku ikafanyika, na mji wote ulikuwa tayari umevaa. Jioni bwana harusi akaletwa kwa zumari hadi kwenye ule mlango mkubwa wenye lulu, na ulikuwa umefungwa, kwa mara ya kwanza katika siku nyingi ulikuwa umefungwa kweli, na Bi Shufaa ndani ameuegemea kwa uzito wake wote.

"Hodi," akasema Mbaruku.

Ndani wanawake walisikika wakicheka, na hakuna aliyeandika wanacheka nini.

"Hodi."

"Mwache angoje," akasema Tamima. "Mimi nilingoja zaidi."

"Hodi, Tamima."

Na lile neno lililokuwa limemkwama kooni tangu siku ya mchele likatoka.

"Karibu."

Basi hekaya yangu inaishia hapa, mlangoni, na kilichoendelea ndani si chenu wala si changu. Lakini ukipata kumsikia mtawala, mahali popote, anasema mwenye wema hana cha kuficha, usibishane naye. Mwombe tu ufunguo wa chumba chake.